Rangi ya Gari Yataka Kinga Gani?

Mtumishi wa serikali anayenunua gari lake la kwanza hulitazama kama mkulima alitazamavyo shamba la mahindi yaliyoanza kubeba. Hulizunguka asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni hulizunguka tena. Ndivyo nilivyokuwa mimi miaka minne iliyopita, nilipokopa fedha katika chama chetu cha kuweka na kukopa nikanunua gari dogo la Kijapani, la rangi ya buluu nzito, lililokuwa limekwisha kutumika huko kwao kwa miaka mingi. Kama magari mengi yaingiayo Uganda, lilishushwa melini Mombasa, likaja kwa barabara mpaka Kampala.

Nilisomea ualimu, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka sita, kisha nikahamishiwa ofisi ya elimu ya wilaya kuwa mkaguzi. Shule ninazozikagua haziko kando ya lami. Wakati wa kiangazi hurudi nyumbani gari likiwa na rangi ya tofali, na wakati wa masika hurudi limepakwa tope mpaka madirishani. Mwisho wa mwaka wa pili niliona boneti imepauka, na juu ya paa pametokea baka jeupe, dogo kama kifuniko cha chupa. Mama watoto alilitazama akaniuliza kama magari nayo hupatwa na mba.

Badala ya kucheka nikaingiwa na hofu. Gari hilo ndilo mali kubwa niliyonayo baada ya kiwanja, na mkopo wake ulikuwa haujaisha. Basi niliposikia kwamba kuna dawa iitwayo seramiki, ambayo ikipakwa mara moja hukinga rangi kwa miaka mitano, sikuuliza mengi. Nilikwenda katika duka moja mjini. Kijana aliyenipokea aliniita bosi, akanionyesha boneti iliyong'aa kama kioo, akamwaga maji juu yake yakakimbia kama shanga. Nikalipa fedha ambazo nilikuwa nimezitenga kwa karo ya muhula wa tatu. Gari nililiacha asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo nikaambiwa liko tayari.

Baada ya miezi saba lile baka la paa lilikuwa limefikia ukubwa wa sahani, na kando yake ngozi nyembamba kama ya kitunguu ilikuwa ikibanduka. Niliporudi dukani na cheti changu cha dhamana, nilionyeshwa mstari wa maandishi madogo uliosema kwamba dhamana haihusu rangi iliyokuwa na kasoro kabla ya kupakwa. Sikuwa na la kujibu. Mstari huo ulikuwapo tangu siku ya kwanza, nami niliyezoea kuwaambia watoto wasome swali lote kabla ya kuandika jibu, sikuusoma.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Katwe, ambaye amepuliza rangi magari kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alipitisha ukucha kando ya baka akasema, "Mwalimu, wamekuvisha koti juu ya kidonda." Kisha akanikalisha juu ya gudulia la plastiki na kunifundisha. Mengi ya yafuatayo nimeyapata kwake, na mengine nimeyasoma baadaye ili nijue kama mzee alisema kweli. Alisema kweli.

Kabla ya kuchagua kinga, yafaa mtu ajue anachokikinga. Kiwandani bati la gari huoshwa na kutiwa dawa ya fosfati, kisha bodi nzima huzamishwa katika birika la rangi ya msingi inayovutwa na umeme mpaka ishike kila pembe. Juu yake hupulizwa rangi ya kusawazisha, halafu rangi yenyewe tuionayo, na mwisho vanishi angavu isiyo na rangi. Hiyo vanishi ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayobeba jua, mvua na vumbi kwa niaba ya zote zilizo chini yake. Tabaka zote kwa pamoja aghalabu hazizidi maikroni 150, na vanishi peke yake ni maikroni 40 hadi 50 hivi. Maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo kati ya jua la ikweta na rangi ya gari lako kuna kitu chembamba kuliko unywele.

Zamani haikuwa hivyo. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yalikuwa na rangi isiyofunikwa kwa vanishi, na wazee wetu walizoea kuyasugua kwa polishi mpaka kitambaa kikageuka rangi ya gari. Wakifanya hivyo rangi iliyochakaa ilitoka, mpya ikajitokeza. Desturi hiyo ikihamishiwa gari la leo huiua vanishi, maana kila usuguaji wa nguvu huondoa maikroni chache, na zikiisha hazirudi. Gari langu, alivyokadiria mzee, lilikuwa limesuguliwa kwa mashine zaidi ya mara moja kabla halijapandishwa meli, ili lipendeze machoni pa mnunuzi.

Nalo jua letu halina huruma. Mstari wa ikweta hupita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana mwaka mzima jua huwa karibu na utosi, ndiyo maana paa na boneti hufa kwanza, na milango hufuata miaka mingi baadaye. Miale ya urujuanimno ndiyo ivunjayo vanishi kutoka ndani. Wala jua haliko peke yake. Kila aliyewahi kuegesha gari chini ya miti ya Kampala awajua wale ndege wakubwa wenye upara, marabu, ambao Waganda huwaita kaloli. Kinyesi chao kina asidi, lakini ubaya wake mkubwa huja pamoja na joto: bati likipashwa na jua vanishi hulegea, kinyesi hukauka na kujikunja juu yake, na jioni vanishi ikipoa alama hubaki imechorwa kama muhuri wa ofisi. Huko Entebbe na Jinja kuna vijidudu vya ziwani vinavyoruka kwa wingi kama moshi na kugandamana mbele ya gari. Utomvu wa mfenesi nao ukiganda si kitu cha kukwangua kwa kisu.

Sasa tuje kwenye kinga zenyewe. Iliyo kongwe ni nta. Ile iliyo bora hutokana na majani ya mnazi fulani wa kaskazini-mashariki ya Brazil uitwao carnauba. Nta hii hutoa mng'ao wa kupendeza, hasa kwenye rangi nyeusi, nyekundu na buluu, na mtu yeyote aweza kuipaka nyumbani kwake siku ya Jumapili. Lakini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na kitu za Selsiasi, na bati jeusi lililoachwa juani hukaribia joto hilo. Kwetu yafaa kuihesabia majuma machache, labda miezi miwili kwa gari lilalalo ndani ya banda.

Baada yake kuna polishi za polima, ambazo ni nta za kutengenezwa kiwandani. Hazina mng'ao mzito kama wa carnauba, ila hustahimili joto na sabuni vizuri zaidi, nazo hukaa miezi mitatu hadi sita. Kopo moja latosha kupaka gari dogo mara kadhaa. Siku hizi zipo pia dawa za kupuliza zilizotiwa seramiki kidogo, ambazo hupakwa kwa urahisi na hudumu kwa kadiri hiyohiyo. Watu wengi huzidharau polishi hizi kwa sababu hakuna azisifuye kwa makeke.

Ndipo ifuatapo seramiki yenyewe. Hii ni majimaji yenye viambato vya silika, jamaa wa mchanga na kioo, ambayo ikipakwa hushikamana na vanishi na kugeuka ngumu kwa msaada wa unyevu ulio hewani. Hairudi kuwa majimaji tena, na sabuni ya kawaida haiitoi. Huacha ngozi nyembamba ya maikroni 1 hivi, au hata pungufu. Faida yake ni ya kweli: maji hayatuami, vumbi halishiki sana, kinyesi cha ndege huchelewa kula vanishi, na kuosha huwa kazi nyepesi. Ikipakwa ipasavyo na kutunzwa hudumu mwaka mmoja, miwili, na zile nzito zaidi ya hapo. Mimi siisemi vibaya. Ninachosema ni kwamba haikuumbwa kwa ajili ya mambo ambayo wengi wetu huinunulia.

Chukua ule ugumu unaotangazwa kwa maandishi ya 9H. Yule kijana wa dukani aliniambia ni ugumu unaokaribia almasi. Kumbe ni penseli! Kipimo hicho hufanywa kwa kusukuma penseli juu ya rangi kavu, kuanzia zile laini za 6B hadi ngumu za 9H, na kuona ni ipi inayokwaruza. Mimi niliyechonga penseli za watoto kwa miaka sita ndiye niliyelipa karo ya muhula kwa ajili ya herufi iliyoandikwa ubavuni mwa penseli. Almasi hupimwa kwa kipimo kingine kabisa, cha Mohs, ambacho huanzia 1 hadi 10. Katika kipimo hicho chembe za mchanga wa kwatzi zilizomo katika vumbi la barabara zetu ni 7. Hakuna seramiki ya maikroni 1 itakayozuia mchanga huo ukisuguliwa juu yake na kitambaa kikavu. Haizuii jiwe lirushwalo na gurudumu la lori. Tena haifufui vanishi iliyokufa. Huifunika tu, na chini yake vanishi huendelea kubanduka.

Azuiaye mawe ni filamu ya plastiki ya poliyurethani, nene ya maikroni 150 hadi 200, inayobandikwa juu ya rangi. Ni ghali sana. Mwenye gari jipya anayeshinda kwenye barabara za changarawe aweza kuibandika kwenye ncha ya boneti, bampa na kingo za madigadi tu, akaacha sehemu nyingine. Kwa gari langu lenye mba, mzee alisema, ingekuwa kumvalisha mgonjwa suti.

Basi mtu achague vipi? Aanze na hali ya vanishi. Mwaga maji kidogo juu ya boneti iliyopauka. Kama ikilowa rangi hurudi kuwa nzuri, na ikikauka hupauka tena, vanishi imechakaa juu tu, na fundi makini aweza kuirudisha kwa mashine kabla ya kupaka kinga. Kama kuna mabaka meupe ambayo kingo zake hunasa ukucha, hakuna kinga ya chupa itakayofaa. Hapo dawa ni msasa na kupuliza upya kipande hicho, upende usipende, kabla maji hayajapenya na kutu kuanza.

Baada ya hapo ujiulize gari hulala wapi na huoshwa na nani. Swali hili la pili ndilo lililonishinda mimi. Seramiki yangu, hata pale paa lilipokuwa zima, ilioshwa na vijana wa kando ya bwawa, kwa sabuni ya unga ya kufulia na tambara moja lililotoka kwenye magurudumu likapanda kwenye milango. Nimewaona pia wakifuta magari kwa dizeli ili yang'ae. Gari linaloishi maisha hayo litachubuka liwe na seramiki au lisiwe nayo, na ni afadhali lichubuke likiwa na polishi ya bei ndogo inayoweza kupakwa upya kila baada ya miezi minne. Lakini mwenye gari lenye vanishi nzima, lilalalo chini ya bati, na anayeliosha mwenyewe au kumsimamia aoshaye, akitarajia kukaa nalo miaka mitano au zaidi, huyo seramiki itamlipa.

Akiamua hivyo, asitazame chupa kwanza. Atazame matayarisho, maana ndiyo kazi yenyewe. Gari lapaswa kuoshwa kabisa, kisha kupitishiwa donge la udongo maalumu wa kusafishia, likiteleza juu ya maji ya sabuni, ili kuvuta chembe za chuma na utomvu ambazo maji hayazitoi. Ndipo mikwaruzo isuguliwe kwa mashine, kwa kiasi, fundi akipima unene wa rangi kwa chombo chake kila anapoendelea. Kisha mafuta yote ya polishi yafutwe kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu seramiki haishiki juu ya mafuta. Mikwaruzo iliyoachwa hufungiwa chini yake. Kupaka kwenyewe hufanywa kivulini, bati likiwa baridi, kipande kwa kipande, na ziada ifutwe kabla haijakaza. Isipofutwa huacha mabaka ya giza ambayo hayatoki ila kwa kusuguliwa tena. Mpakaji avae glavu na kuziba pua, na chumba kiwe na hewa. Halafu gari lisiguswe na maji kwa siku nzima angalau, wala sabuni kwa juma moja. Sasa msomaji aelewe kwa nini nasikitika nikikumbuka kwamba langu lilikuwa tayari jioni ile ile, na mvua ya saa moja ikalinyeshea njiani.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni la rangi mpya ya gereji. Rangi ya kiwandani huokwa katika joto la nyuzi 140 hivi, kwa hiyo hutoka imekaza. Ile ipulizwayo Katwe au Ndeeba na kukaushwa kwa hewa bado hutoa vimiminika vyake kwa majuma kadhaa. Ikizibwa mapema kwa nta au seramiki huweza kufifia au kutoa malengelenge. Mwenye kupuliza asubiri mwezi mmoja mpaka miwili, kadiri fundi na maelezo ya kopo yanavyosema, akiosha kwa maji tu na sabuni laini.

Dukani nako kuna maswali ya kuuliza, na muuzaji mwaminifu hayachukii. Omba kuiona chupa ikiwa imefungwa, yenye jina la mtengenezaji. Uliza gari litakaa kwao usiku mangapi. Likiwa halilali hata usiku mmoja, jua kwamba matayarisho yamerukwa. Uliza dhamana yahusu nini, na kama yakulazimu kurudi kila mwaka kulipia ukaguzi. Kisha uisome, hata maandishi madogo.

Kwa upande wa kuosha, mzee alinipa masharti ambayo hayakunigharimu ila ndoo ya pili. Vumbi lioshwe kwanza kwa maji mengi kabla kitambaa hakijagusa bati. Ndoo moja iwe ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza paani ushuke chini, na magurudumu yawe na tambara lake. Usioshe juani, kwa kuwa matone yakikaukia juu ya bati huacha madoa ya chokaa, na seramiki, kwa vile hukusanya maji kuwa matone, huonyesha madoa hayo hata zaidi ya nta. Kinyesi cha kaloli kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi, kisha kiinuliwe bila kusuguliwa. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi yamwagiwe maji hapo hapo, kwani huibandua kama maji ya moto yabanduavyo manyoya ya kuku.

Gari langu lilipulizwa upya paa na boneti. Nilimlipa mzee kwa awamu tatu, na mkuu wa shule wanakosoma watoto alikubali kuisubiri karo mpaka nusu ya muhula, jambo ambalo kwa mkaguzi wa elimu si heshima hata kidogo. Nilingoja majuma manane, kisha nikapaka polishi ya polima kwa mikono yangu, mtoto wangu wa kwanza akishika kopo. Seramiki sijaitaka tena kwa gari hili. Vanishi ya milango imebaki nyembamba mno, na kuisugua kwa matayarisho kungeimaliza. Fedha ambayo ingelipia chupa nimeinunulia mabati sita na nguzo nne, na sasa gari hulala chini ya banda. Mfenesi wa jirani unaning'inia kidogo juu ya kona ya kulia. Tumekwisha kuzungumza naye, na amesema tawi atalikata mafenesi yakiisha kuvunwa.